Kurudisha mikanda ya kromu kwenye gari la zamani bila kukwaruza rangi

Mafundi wengi huogopa bisibisi. Kwa ninavyoona, rangi huumizwa zaidi na ncha ya mkanda wenyewe (kile kipande kirefu cha pambo kinachong'aa ubavuni) na klipu za chuma zilizo nyuma yake, kwa hiyo kazi yangu huanzia mezani, gari likiwa bado halijaguswa.

Kwanza naacha rangi mpya ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikiwa mbichi, hata tepu ya karatasi inaweza kuibandua. Wakati huo napitisha tupa laini kwenye kingo za mikanda, kisha msasa namba 400, hadi kidole kipite bila kukwama. Klipu nazifanyia hivyo hivyo kwenye pembe zake.

Matundu ya bodi yanayopokea klipu ndiyo yanayosahaulika. Ukingo ulio wazi hushika kutu, na kutu huingia chini ya rangi na kuiinua. Napaka praima kwa brashi ndogo, halafu rangi, ikikauka naweka sili (gundi ya kuzuia maji) kidogo nyuma ya kila klipu.

Nabandika tepu juu na chini ya njia ya mkanda, tabaka mbili, na tatu pale ncha itakapofika. Mkanda unaozidi mita moja hushikwa na watu wawili. Nanasa mdomo wa juu kwenye klipu zote, ndipo nabana wa chini kwa kiganja, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukigoma, usigonge: kuna klipu iliyogeuka au kupinda. Toa, irekebishe, rudia. Zile zinazofungwa kwa nati, nakaza kwa vidole na kuongeza nusu mzunguko tu, maana ukizidisha bati linavutwa ndani na kibonyeo huonekana ukitazama ubavu kwa mshazari.

Mlangoni kuna hatari ya peke yake. Ukifunguliwa, ukingo wake wa mbele huingia ndani kuelekea madigadi, na ncha ya mkanda iliyozidi itachimba rangi ya hapo. Naacha milimita 3 hivi kati ya ncha na ukingo wa mlango, kisha naufungua taratibu sana mara ya kwanza, kipande cha kadi kikiwa katikati.

Tepu naitoa siku hiyo hiyo, nikiikunja kinyume, kabla jua halijaigandisha. Mwisho namwagia mlango maji na kuchungulia ndani kila tundu, kabla ya kurudisha ubao wa ndani.