Ukiuza achari Ujerumani, chupa inabaki kuwa yako

Wengi wetu huku tuna kabiashara ka pembeni. Huyu anasuka, yule anauza vitenge, mimi nauza achari ya embe. Mtu akisikia Ujerumani anawaza kodi. Kodi nimempa mhasibu. Kilichonitoa jasho ni chupa.

Sheria ya vifungashio iliyoanza kutumika 2019 haijali nani aliifinyanga ile chupa. Inamtafuta aliyeijaza na kuiingiza sokoni mara ya kwanza. Huyo ndiye mzalishaji, hata kama ana chupa 30 tu, na lazima ajiandikishe kwenye LUCID, daftari la wenye vifungashio, kabla hajauza hata moja. Kisha anafunga mkataba na mojawapo ya kampuni zinazosimamia ukusanyaji wa vifungashio majumbani, na analipia kwa uzito. Kwa hiyo mezani kwangu pana mizani ya jikoni: chupa tupu peke yake, kifuniko cha bati peke yake, boksi la posta, hata selotepu na ile plastiki ya mapovu. Kila kitu na fungu lake, na kilo ya plastiki ni ghali kuliko kilo ya kioo. Siku hizi nafungia kwa karatasi. Msinisifu, ni ankara tu.

Usipojiandikisha, faini inaweza kufika euro 100,000. Na daftari lenyewe liko wazi mtandaoni, mshindani wako anaweza kulitafuta jina lako usiku huu huu.

Haya yalianza 1991, Klaus Töpfer akiwa waziri wa mazingira wa Ujerumani na majalala yakijaa. Serikali iliwaambia wenye viwanda na maduka: ama mpokee vifungashio vyenu dukani, ama mjenge mfumo wenu wa kuvikusanya kwa pesa zenu. Wakachagua la pili, na ndiyo asili ya mfuko wa njano wa taka za vifungashio uliopo jikoni kwangu. Gharama yake imo ndani ya bei ya mtindi. Mwisho wa siku mteja ndiye analipa, sawa, lakini ankara inaanza kumfikia yule aliyechagua kifungashio, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kukibadilisha.

Kinachoniudhi ni kwamba nyumbani Tanzania tulikuwa na utaratibu wa namna hii. Ukitaka kuondoka na soda, unaacha chupa au pesa ya chupa, na kreti linarudi kiwandani. Kampuni iliifuata chupa mpaka uchochoroni kwa sababu ilikuwa mali yake. Ilipokuja ya plastiki, chupa ikawa yako, halafu ya mtaro, halafu ya mama anayeziokota na kuziuza kwa kilo. Wajerumani waliweka amana, ile ile pesa ya chupa, kwenye chupa na makopo ya kutumia mara moja tangu 2003, leo ni senti 25, na ni nadra kuona chupa imelala barabarani muda mrefu.

Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2019, chupa za maji zikabaki. Kenya wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya taka ya 2022 inambebesha mzalishaji mzigo wa taka zake. Ada za namna hii zitalalamikiwa, najua. Hata mimi nalalamika kila nikijumlisha gramu za mwaka, na bado nalipa.