Ushuru wa mahindi niliupata stoo, si getini

Kila kikao cha mapato ushauri ulikuwa ule ule: ongeza geti la ushuru barabarani, ongeza mgambo. Nilikuwa mtendaji wa kata moja ya mahindi huku Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, na ushauri ule ulikula posho kuliko ushuru uliopatikana.

Tangu 2017 ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2, ya biashara 3. Awali ulifika 5. Nafuu hiyo naiunga mkono. Tatizo ni kwamba mzigo usiozidi tani moja hautozwi ukivuka kwenda halmashauri nyingine, na wafanyabiashara walikisoma kipengele hicho vizuri kutuzidi. Tukaweka kamba barabara kuu, mgambo na mashine ya POS ya kukatia risiti. Toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, zikaanza kupita na gunia nane nane, bodaboda mbili mbili kwa njia za panya. Ukimsimamisha dereva anajibu, "Mtendaji, hii haifiki tani." Na kweli haifiki.

Lakini mahindi hayaendi mjini kwa toyo. Lazima pawepo mahali yanapopakiwa kwenye fuso. Nikazifuata toyo mpaka stoo moja ng'ambo ya geti, nikamkuta mzee kiongozi wa makuli ameshika daftari la shule, kurasa zimejaa vijiti vinne vinne, cha tano kimekatiza juu yake. Kila kijiti ni gunia moja lililopanda gari.

"Mzee, hesabu hii ni ya uhakika?"

"Mwanangu, tunalipwa kwa gunia. Nikiruka moja, vijana watanitoa roho."

Hapo ndipo nilipopata mkaguzi asiyehitaji posho! Nikahamishia POS stoo. Fuso likijaa, tunalinganisha daftari na gari, mnunuzi analipa, na habari ya tani haipo tena. Wanunuzi walinuna mwanzoni, kisha wakaona risiti yenye idadi kamili ya gunia inawapunguzia mabishano mbele ya safari. Msimu ule makusanyo ya kata yalikaribia kuongezeka maradufu.

Watendaji wenzangu, chajini POS usiku, umeme wa vijijini mnaujua. Na fedha mbichi, yaani zilizokusanywa na hazijafika benki, zisilale mfukoni mwa mkusanyaji hata siku moja. Sisi tulizipeleka kwa wakala wa benki jioni ile ile. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na anayezichelewesha anawachelewesha wao.