Mwandishi wa Programu, Anza na Fomu Moja

Wengi wetu tunaoandika programu tukitaka kujifunza usanifu wa kiolesura, yaani kile mtumiaji anachokiona na kukigusa, tunakimbilia rangi. Ziache mwisho. Chukua fomu moja, tuseme ya kutuma pesa kwa simu, uichore yote kwa kijivu.

Nafasi: tumia pikseli 8, 16, 24 na 32 pekee. Lebo ikae 8 juu ya kisanduku chake, na kisanduku hadi lebo inayofuata iwe 24. Ukizifanya nafasi hizo mbili ziwe sawa, jicho halijui lebo ni ya kisanduku kipi.

Namba ya simu ndiyo yenye vurugu. Mteja mmoja wa Kampala ataanza na 07, mwingine +256, mwingine ataacha nafasi katikati. Pokea zote, zisafishe kwenye msimbo. Kumwambia mtu "namba si sahihi" kwa sababu ya nafasi ni uvivu wetu tu. Fungua kibodi ya tarakimu. Maandishi ya kisanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo Safari, kivinjari cha iPhone, kitakuza ukurasa chenyewe. Kiasi kisomeke 1,500,000, bila senti.

Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48, kiandikwe "Tuma 50,000", si "Wasilisha". Kikibonyezwa, kizime papo hapo: mtandao ukikwama, watu hubonyeza tena. Hata hivyo seva nayo ikatae ombi la pili lenye kitambulisho kilekile, maana kitufe peke yake hakizuii malipo mawili.

Rangi sasa. Utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli ufike 4.5:1, kisha ujaribu simu ya bei nafuu juani, kwenye steji ya boda.