Kanula ya siku ya tatu: jinsi utafiti ulivyoingia wodini kwetu

Bibi yule alikuwa na mishipa myembamba kama uzi, na kanula yake, kile kimrija cha plastiki kinachobaki mshipani kupitishia dripu na dawa, ilikuwa nzima kabisa. Dripu inapita vizuri, ngozi haina wekundu, hajalalamika maumivu. Lakini saa 72 zilikuwa zimetimia, na utaratibu wa wodi ulitaka ibadilishwe. Nikaitoa. Nikachoma mkono wa kulia, mshipa ukapasuka. Nikachoma wa kushoto, nikaukosa. Ikabidi nimwite mwenzangu, naye akaupata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Muda wote huo bibi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka sita kazini, nimebadilisha kanula zisizo na idadi, na sababu pekee niliyokuwa nayo ni kwamba nilifundishwa hivyo.

Swali lile lilininyima raha. Nikaanza kutafuta kama kuna aliyewahi kulichunguza, nikakuta kumbe wauguzi wenzetu walishalifanyia kazi. Utafiti ulionishika zaidi ulifanyika katika hospitali tatu za Queensland, Australia, ukiongozwa na muuguzi Claire Rickard, na ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012. Wagonjwa 3,283 waligawanywa katika makundi mawili bila kuchagua. Wa kundi la kwanza walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu. Wa kundi la pili walibadilishiwa pale tu palipokuwa na sababu. Waliovimba mshipa walikuwa asilimia 7 kule na asilimia 7 huku. Takwimu zilinipa tabu, sifichi. Nilikaa jioni mbili na mwenzangu anayesomea shahada ya pili, tukapitia majedwali mstari kwa mstari mpaka nikaweza kuyaeleza kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikaomba dakika kumi kwenye kikao cha wodi. Nilieleza kila kitu: makundi, asilimia, vipimo. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakarudi kazini, na kesho yake kanula za siku ya tatu zikaendelea kung'olewa.

Aliyenisaidia kuelewa ni dada mmoja mkubwa, muuguzi wa miaka mingi ambaye nilidhani ndiye anayepinga. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, mimi siamini kwamba siku ya tatu ina uchawi. Ila ndiyo siku ninayolazimika kuufungua ule mkono na kuutazama. Ukiniondolea siku hiyo, nani atatazama?"

Nilikuwa nimeusoma utafiti kama ruhusa ya kuacha jambo. Yeye aliona kitu ambacho karatasi yangu haikuwa nacho: wale wagonjwa wa kundi la pili hawakuachwa tu, kanula zao zilikuwa zinachunguzwa. Kwetu hakukuwa na mpango wowote wa kuchunguza. Utaratibu wa saa 72, pamoja na kasoro zake, ndio uliokuwa unashika nafasi hiyo.

Kwa hiyo tulianza upya, safari hii pamoja naye. Hatukuongeza fomu, maana kila muuguzi anajua fomu mpya huishia wapi zamu ikizidiwa. Tulichora safu moja tu kwenye karatasi ya dawa, ile ambayo lazima uishike kabla ya kumchoma mtu sindano. Unautazama mkono kupitia plasta inayoonyesha ndani, unabonyeza taratibu kufuata mshipa, unamuuliza mgonjwa kama anasikia maumivu, kisha unaandika namba. Tulitumia kipimo cha 0 hadi 5 ambacho wauguzi wa nchi nyingi wanakijua: 0 ni hakuna dalili, na ikifika 2, yaani mshipa unaanza kuvimba, kanula inatoka bila kujadiliana, hata kama imewekwa asubuhi ileile.

Wiki za kwanza safu ya mchana ilijaa, ya usiku ikabaki nyeupe. Nilikaribia kuandika barua ya kulalamika. Kabla sijafanya hivyo niliomba zamu ya usiku, na kufikia saa 7 nilikuwa nimeelewa: taa kubwa zimezimwa ili wagonjwa walale, na kwenye mwanga ule huwezi kutofautisha ngozi nyekundu na kivuli. Tukafunga tochi ndogo kwenye mpini wa toroli la dawa. Safu ya usiku ikaanza kujaa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kanula zisizo na kazi. Siku moja nilikuta wagonjwa watano walioshahamia vidonge, lakini bado wana kanula mkononi, kila moja ikiwa mlango wazi kwa vijidudu. Siku hizi swali la kwanza kwenye raundi ni kama bado inahitajika.

Baadaye daktari kijana alituletea utafiti wa mwaka 2021 kutoka hospitali za Geneva, Uswisi. Huko walipoacha kubadilisha kwa ratiba, maambukizi ya damu yaliongezeka. Baadhi ya wenzangu walitaka turudi tulikotoka siku hiyohiyo. Mimi niliona ni onyo la kuheshimu. Tulikaa na kamati ya kudhibiti maambukizi, tukakubaliana kwamba wodi ambayo safu yake haijazwi inarudi kwenye saa 72 mpaka ijirekebishe. Naliona hilo kuwa la haki kwa mgonjwa, ingawa liliniuma.

Yule dada mkubwa ndiye anayefundisha wageni sasa. Huwashikisha mkono wa mgonjwa kabla hajawaonyesha karatasi. Na yeye ndiye aliyeleta swali jipya: kwa nini mgonjwa wa upasuaji wa saa 8 mchana ananyimwa maji tangu saa 6 usiku, wakati miongozo ya wataalamu wa dawa za usingizi inawaruhusu wengi wao kunywa maji matupu hadi zibaki saa mbili kabla ya kulazwa usingizi? Tumeshaanza kuandika, kwa kila mgonjwa, saa aliyokunywa mara ya mwisho.