Rangi Iliyoikataa Pamba

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na kwa miezi miwili sikuwa na habari nyingine ila magunzi ya mahindi, niliyotaka unga wake unyonye rangi kwenye maji machafu. Niliyasaga, nikayachekecha, nikayachemsha tena na tena mpaka maji yake yakaacha kutoka na rangi ya chai. Gunzi bichi lina rangi yake. Ukilitia hivyo hivyo kwenye maji unayotaka kuyasafisha, unayachafua upya. Kisha tanurini, nyuzi 105, usiku kucha.

Rangi niliyoijaribia ilikuwa metilini bluu. Nilitia kijiko cha unga wa magunzi kwenye chupa ya buluu iliyokolea, nikatikisa, na baada ya saa moja maji yakawa maangavu huku unga wenyewe umegeuka samawati. Nilikaa nikaitazama chupa ile bila kuandika neno. Spektrofotomita, kifaa kinachopima rangi majini kwa mwanga, kwenye mwanga mwekundu wa nanomita 664, ilisoma karibu na sifuri. Nikajua kazi imekwisha.

Mwalimu wangu hakuridhika. "Hiyo ni rangi ya maabara," alisema. "Kalete maji ya watu wanaotia rangi vitambaa."

Nikaenda kwenye karakana moja. Mzee aliyekuwa zamu alinijazia dumu la maji meusi. "Ukiyaweza haya, mwanangu, njoo uniambie."

Nilitia unga, nikatikisa. Saa moja, saa tatu, usiku mzima. Asubuhi maji yalikuwa meusi vile vile. Nikaongeza unga maradufu, hayakubadilika. Nilikosa hata la kuandika kwenye daftari.

Nikarudi kwa mzee, nikamuuliza anatia nini kwenye pipa lake. "Chumvi kwanza, iisukume rangi kwenye pamba. Halafu magadi, yaikaze. Ile isiyoshika ndiyo tunayoimwaga."

Ile isiyoshika! Pamba ni selulosi, ule unyuzi wa mimea, na gunzi nalo lina selulosi nyingi. Rangi ile ilikuwa imekwisha kuungana na maji badala ya uzi, ikapoteza mkono wake wa kushikia, nami nilikuwa naipelekea ndugu wa pamba iliyokwisha kuikataa. Tena metilini bluu ina chaji chanya, na uso wa gunzi majini una chaji hasi, ndiyo maana vilivutana. Rangi hii nyeusi ni hasi, na ilikuwa kwenye maji ya magadi yenye pH 11, mbali sana na asidi. Hasi kwa hasi husukumana.

Maabarani nikaanza kudondosha asidi ya salfuriki. Magadi yakafoka povu mpaka likamwagika mezani. Nilipofika pH 2, asidi kali, nikatia unga. Sasa uso wa gunzi ulikuwa umepokea protoni, chembe chanya za asidi, umekuwa chanya. Baada ya saa mbili maji yalikuwa ya kijivu. Hayakuwa maangavu, lakini niliiona kalamu yangu upande wa pili wa chupa, na machozi yakanilengalenga.

Nikayaondolea maji ukali wa asidi, nikampelekea mzee chupa. Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza polepole, kisha akauliza: "Na ule unga mweusi umeupeleka wapi?"

Ulikuwa bado kwenye karatasi ya chujio. Jioni hiyo nilichota kijiko chake nikakitia kwenye maji safi yenye magadi. Sikuwahi hata kutikisa. Wino mweusi ulikuwa tayari unatoka.