Siku moja na seva sita zisizokubaliana saa

Saa 2:00 asubuhi
Watumiaji wanakataliwa kuingia, ilhali nywila ni sahihi. Kwenye mtandao usio na njia ya kutoka nje, cha kwanza kushukiwa ni saa: Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Sigusi kitu kabla ya kupima. Kutoka sv1, kwa akaunti za ndani ya kila mashine:

`for h in sv2 sv3 sv4 sv5 sv6; do echo $h $(ssh $h date +%s) $(date +%s); done`

Kipimo hiki hakina usahihi wa chini ya sekunde, lakini kwa sasa kinatosha. sv2 na sv6 ziko mbele ya sv1 kwa sekunde 9. sv3 iko mbele kwa 10800, sv4 iko nyuma kwa 21600, sv5 iko nyuma kwa 47.

Tarakimu hizo zinajieleza. 10800 ni saa 3 kamili: saa ya ubao mama imewekwa kwa majira ya Afrika Mashariki, mfumo ukaisoma kana kwamba ni UTC (saa ya kimataifa), ukaongeza 3 nyingine. 21600 ni saa 6, na hili nadhani ni kosa la kwetu peke yetu: mtu ameingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) saa tatu asubuhi, akaandika 03:00 badala ya 09:00. Sekunde 47 si kosa la mkono. Fuwele ya quartz, inayopigia saa mapigo, ikipotoka kwa sehemu 20 katika milioni hupoteza sekunde 1.7 kwa siku, kwa hiyo sv5 imekuwa ikienda peke yake kwa takriban siku 27.

Saa 3:15
Naiuliza chrony, programu inayosawazisha saa kupitia mtandao. `chronyc sources` kwenye sv5: `^?` (chanzo hakitumiki), na safu ya Reach, yaani rekodi ya majibu yaliyokubaliwa, ni 0. Sifuri hiyo ina maana mbili, na wengi hukimbilia moja tu. Huenda majibu hayafiki. Au yanafika, lakini seva inayojibu inakiri kwamba yenyewe haijasawazishwa, na chrony haihesabu jibu la aina hiyo. `tcpdump -vni any udp port 123`, inayoonyesha pakiti za saa zinazopita, hutenganisha. Hapa maombi yanatoka, hakuna kinachorudi. Kwenye sv1 maombi yaleyale yanaonekana yakiingia, basi ukuta wa moto wa njiani hauyazuii. Kosa liko kwenye `/etc/chrony.conf`: `allow 10.20.0.0/24` huruhusu anwani zinazoanza na 10.20.0 tu, na sv5 ilihamishiwa 10.20.1.15. chronyd, sehemu ya chrony inayofanya kazi chinichini, humnyamazia mteja asiyeruhusiwa, wala haandiki neno kwenye logi za mteja. Nabadilisha iwe `10.20.0.0/23`.

Saa 4:30
sv3 na sv4 zinaonyesha `^x` (saa isiyoaminika) kwa sv1 na sv2 zote mbili, na logi inasema `Can't synchronise: no majority`, yaani hakuna wengi wanaokubaliana. Hiki ndicho kiini cha tatizo. sv1 na sv2 kila moja ina `local stratum 10`, kila moja inajitangaza kuwa mwenye saa, na hakuna inayoiuliza mwenzake. Zimeachana kwa sekunde 9. Mteja mwenye vyanzo viwili vinavyopingana hana wa kumwamulia, hivyo huvikataa vyote. sv3 na sv4 zilizimika umeme ulipokatika, zikawaka na saa mbovu ya ubao mama, zikabaki nayo.

Suluhisho si kuongeza usahihi. Kwenye mtandao uliofungwa, makubaliano yanatangulia usahihi. Kwenye sv1 na sv2:

`local stratum 10 orphan`
`server` ikifuatiwa na anwani ya ile nyingine

Kwa `orphan`, yenye anwani ndogo ya IP huongoza na nyingine humfuata. Ikianguka, ya pili hushika nafasi. Kila mojawapo lazima iiulize mwenzake, la sivyo neno hilo halina kazi.

Saa 6:00 mchana
Mapumziko. Hifadhidata haziguswi hadi watumiaji watoke kwenye mfumo.

Saa 7:30
Kwanza kiongozi. Kwenye sv1 naongeza `manual` (kuruhusu saa kuwekwa kwa mkono), nawasha upya chronyd, kisha natazama saa ya simu na kubonyeza Enter sekunde inapogonga: `chronyc settime 13:40:00`, halafu `chronyc makestep`, ili iruke papo hapo. Andika kwa mtindo wa saa 24, tafadhali.

Kisha wateja. Ukiacha chrony irekebishe polepole, kasi yake ya juu kabisa kwa kawaida ni sehemu 83333 katika milioni, yaani moja ya 12: saa 3 za sv3 zingechukua saa 36. Inabidi kuruka. Kuruka mbele, kama kwa sv4, kuna usumbufu mdogo. Kurudi nyuma kwa sv3 ndiko hatari, maana rekodi mpya zitakuwa na muhuri wa zamani kuliko zilizotangulia. Nasimamisha hifadhidata, nasubiri `^*` (chanzo kimechaguliwa) itokee, `chronyc makestep`, `hwclock --systohc --utc` (kuandika saa ya mfumo kwenye ubao mama), ndipo naiwasha.

Saa 9:00 alasiri
sv4 inafunguliwa. Betri ya CR2032 inayotunza saa ya ubao mama inasoma chini ya volti 2.5, mpya huwa 3. Naibadilisha, naweka saa upya, nahakikisha `rtcsync` ipo kwenye usanidi ili kerneli (kiini cha mfumo) iandike saa ya ubao mama kila dakika 11.

Saa 10:30 jioni
`chronyc tracking` kwenye zote: tofauti ziko ndani ya milisekunde. Watumiaji wanaingia.

Kinachobaki ni sv1 yenyewe, ambayo bado inafuata simu. Kipokezi cha GPS chenye mpigo wa PPS (mmoja kila sekunde) kingemaliza suala hili. Hupokea tu, hakitumi chochote, hivyo mtandao unabaki umefungwa. Hadi kinunuliwe, kesho saa 2:00 asubuhi naandika `settime` tena, na keshokutwa vilevile: ingizo moja huweka saa tu, yanapokuwa kadhaa chrony hukokotoa saa inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani na kuisahihisha yenyewe.