Siku Moja Gikomba, na Futi Kamba Shingoni

Jumatano, Julai 2020.

Saa kumi na nusu alfajiri. Kafyu ya korona imeisha saa kumi, nami niko stejini Kayole, naelekea soko la Gikomba, Nairobi. Matatu ya watu 14 inabeba wanane, na nauli tunajua nani anailipa. Zamani saa hizi ningekuwa nimeshainama juu ya robota la mitumba.

Saa kumi na mbili kasoro. Robota la kilo 45 linakatwa. Tangu serikali ipige marufuku mitumba ya kutoka nje mwezi Machi, yanayofunguliwa ni yaliyokuwa stoo, na mwenye stoo hilo analijua vizuri. Blauzi ya kamera, yaani ya daraja la kwanza, niliyokuwa nikiichukua kwa 150 leo ni 280. "Mama, ukiacha, mwingine atabeba." Nabeba kumi na mbili.

Sketi siziangalii. Miaka tisa nimeuza suti za kike kwa walimu wa shule za kibinafsi na wafanyakazi wa benki. Walimu wako nyumbani, wengi bila mshahara. Wa benki wanafanyia mikutano kwenye kompyuta, na kompyuta haionyeshi sketi: juu koti, chini dera. Basi suti nimezitenganisha. Makoti yanakwenda, sketi arobaini zimelala guniani. Nilimuuliza fundi kama anaweza kuzikata barakoa. Akacheka: "Kwa kitambaa hiki, mama, mtu atakosa pumzi."

Saa mbili. Natundika nguo mlangoni, napiga picha kabla jua halijagonga mabati, naweka WhatsApp. Zamani mteja aliishika nguo mwenyewe, akainusa, akaigeuza, akaivaa juu ya aliyokuja nayo. Sasa mikono hiyo ni yangu.

"Dada, kwapa kwa kwapa ngapi?"

Inchi kumi na tisa.

"Mkono je? Haina doa?"

Linalo, dogo, chini ya kola. Nalipiga picha pia. Doa lililoonyeshwa huuzika; lililofichwa hurudi na boda, na pesa ya boda ni juu yangu.

Saa saba. Mteja wa South B analipia koti la 1,400 mara mbili: elfu moja, halafu mia nne. Tangu Machi, kutuma hadi elfu moja kwa M-Pesa ni bure. Sijala bado.

Saa tisa. Koti limerudi. Inchi ziko sawa, ila kwenye simu lilikuwa bluu na mkononi ni zambarau. Namrudishia pesa zake huku nimenuna. Rangi haina futi.

Saa kumi na moja na nusu. Nimeshaanza kufunga, mama mmoja anakuja kwa miguu, barakoa kidevuni, anatafuta sketi nyeusi ya mazishi. Navuta gunia. Anaivaa juu ya dera, anajigeuza mbele ya kipande cha kioo ambacho sikukipangusa tangu Aprili, anavuta kiuno kwa vidole viwili.

"Hii."

Namfungia kwenye gazeti. Futi iko shingoni, na wala hakuiuliza.